Foleni ya Hospitali: Nani Atangulie, na kwa Nini?

Mwezi huu tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelionja, yaani kukaa foleni. Tunapanga foleni bombani, tunapanga foleni kwenye mashine ya kusaga, tunapanga foleni benki na kwenye kituo cha mabasi. Foleni inachosha. Inamtia hasira hata mtu mpole.

Lakini iko foleni moja isiyofanana na hizo nyingine, nayo ni ya hospitali. Bombani, aliyetangulia kuweka ndoo ndiye anayeteka kwanza, na hiyo ndiyo haki. Hospitalini tukifuata haki ya bombani peke yake, wako watakaofia kwenye benchi.

Sisi wauguzi tunayasikia manung'uniko kila siku: “Nimefika hapa saa kumi na mbili asubuhi. Huyu amekuja saa nne, mbona ameingia kwa daktari?” Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Katika somo hili tutaeleza kwa nini foleni inakuwa ndefu, kwa nini mgonjwa mwingine hutangulizwa, ni dalili gani ambazo hazipaswi kusubiri hata kidogo, na namna ya kusubiri bila kuongeza ugonjwa. Tunawaomba hasa akina mama wenye watoto wadogo wasome sehemu ya tatu mara mbili.

1. KWA NINI FOLENI INAKUWA NDEFU?

Tuanze na hesabu ndogo. Tuseme yupo mganga mmoja, na kila mgonjwa anachukua dakika 6. Kwa saa moja ataona wagonjwa 10. Saa mbili asubuhi anapofungua mlango, wagonjwa 60 wamekwisha kukaa kwenye mabenchi. Wa kwanza anaingia mara moja. Wa sitini ataingia karibu saa nane mchana, yaani atasubiri karibu saa sita, hata kama mganga hakunyanyuka kitini kunywa maji.

Sasa tuseme wagonjwa hao hao 60 wangegawanyika, 30 wakafika saa mbili na 30 wengine saa tano. Mganga ni yule yule, kazi ni ile ile, na atamaliza saa ile ile. Lakini hakuna hata mmoja atakayesubiri zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo foleni haitokani na wingi wa wagonjwa tu. Inatokana pia na watu wote kufika kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Jumatatu ni siku nzito: waliougua Jumamosi na Jumapili wote wanakuja pamoja.

Jambo la pili ni kwamba hospitali haina foleni moja. Hesabu mwenyewe: mapokezi, dirisha la malipo, kupima joto, uzito na presha, chumba cha mganga, maabara, kurudi kwa mganga na majibu, na mwisho dirisha la dawa. Hizo ni foleni saba kwa siku moja. Ukichelewa robo saa tu katika kila moja, umekwisha kupoteza karibu saa mbili.

Jambo la tatu ni maabara. Watu wengi hudhani mtaalamu wa maabara amekaa tu na majibu yao. Sivyo. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kibao kidogo, husomwa baada ya dakika 15 au 20 kufuatana na aina yake. Kikisomwa kabla ya wakati kinaweza kusema huna malaria nawe unayo. Damu inayotazamwa kwa darubini lazima kwanza ikauke juu ya kioo, kisha itiwe rangi, na rangi yenyewe inahitaji kati ya dakika 10 na 45 kufuatana na ukali wake. Makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu yakipimwa kwa mashine ya GeneXpert huchukua saa mbili hivi. Hakuna namna ya kuuharakisha muda huo, kama vile maharage hayaivi kwa kukemewa.

Jambo la nne ni dharura. Mganga anaweza kuitwa kwenda kumfanyia upasuaji mama aliyekwama katika uzazi, na benchi zima likabaki linatazama mlango uliofungwa. Hapo kosa si kuondoka kwa mganga, bali ni kutowaambia watu. Maneno mawili tu, “Mganga ameitwa chumba cha upasuaji, atarudi baada ya saa moja,” hupunguza nusu ya hasira.

Tuseme ukweli pia. Zipo foleni zinazorefushwa na uovu: mfanyakazi anayechelewa kazini, ndugu anayepitishwa mlango wa nyuma, na noti inayokunjwa ndani ya kadi. Hayo hatuyatetei. Anayenunua nafasi ameiba saa za mwenzake, na huenda ameiba uhai wake.

2. KWA NINI MWINGINE HUTANGULIZWA?

Desturi ya kuwapambanua wagonjwa kwa uzito wa hali zao ilitokana na vita. Daktari mpasuaji Mfaransa, Dominique Jean Larrey, aliyekuwa katika majeshi ya Napoleon miaka 200 na zaidi iliyopita, alishika kanuni kwamba majeruhi mwenye hali mbaya zaidi atibiwe kwanza, awe ofisa au askari wa kawaida. Neno la Kifaransa linalotumika kwa kazi hiyo lina maana ya kuchagua, kama mama anavyochagua mchele kwenye ungo. Cheo kiliwekwa kando, likatazamwa jeraha.

Leo hospitali nyingi hufuata kanuni hiyo kwa kuwagawa wagonjwa katika makundi matatu, na mara nyingi makundi hayo hupewa rangi.

Kundi la kwanza, rangi nyekundu: dharura. Huyu hawezi kusubiri hata dakika moja. Anatibiwa hapo hapo, na habari ya kadi na malipo hufuata baadaye.

Kundi la pili, rangi ya njano: wa kutangulizwa. Huyu hayuko katika hatari ya dakika hii, lakini hali yake inaweza kubadilika upesi. Anawekwa mbele ya foleni.

Kundi la tatu, rangi ya kijani: wa foleni. Huyu ni mgonjwa kweli, tena huenda ana maumivu, lakini anaweza kusubiri zamu yake bila kudhurika.

Je, mpango huu una faida gani? Jirani zetu wa Malawi walituonyesha. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, wahudumu walipanga upya mwendo wa watoto wagonjwa, wakawafundisha wafanyakazi kumtambua mtoto aliye hatarini mara tu anapofika, na kumtibu pale pale. Kabla ya mabadiliko hayo, kati ya kila watoto 100 waliolazwa walikuwa wakifa 10 hadi 18. Baada ya mabadiliko walikufa 6 hadi 8. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Watoto wengi wanaofia hospitalini hufa katika saa 24 za kwanza baada ya kufika. Kwa hiyo saa mbili za benchi kwa mtoto kama huyo ni sehemu kubwa ya uhai wake uliobaki.

Basi, ndugu msomaji, ukimwona muuguzi amemchukua mtoto wa mwisho kwenye benchi na kukimbia naye ndani, usione umeonewa. Kuwekwa kundi la kijani si kudharauliwa. Ni habari njema kwako: maana yake tumekutazama, na hatukuona hatari ya kukutoa uhai leo.

3. DALILI ZISIZOSUBIRI FOLENI

Wazee wetu walisema subira huvuta heri, nasi twakubali. Lakini walisema pia mficha uchi hazai. Tunawaona mara nyingi akina mama wapole, wengine wametembea usiku kucha. Wanafika, wanasalimia, wanakaa mwisho wa benchi na mtoto amefunikwa khanga. Mtoto hasikiki. Watu wanasema, “Mtoto huyu ni mtulivu.” Kumbe si utulivu, ni kupoteza fahamu. Mtoto anayelia kwa nguvu ana pumzi ya kulilia. Wa kuogopewa zaidi ni yule aliyenyamaza.

Adabu ni kitu chema, lakini isimzuie mama kusema. Zikiwapo dalili hizi, usikae. Nenda kwa mfanyakazi wa kwanza unayemwona, hata kama ni mlinzi wa getini, useme kwa sauti.

Kwa watoto:
- Hawezi kunywa wala kunyonya.
- Anatapika kila kitu anachopewa.
- Amepata degedege nyumbani au njiani, hata kama limekwisha koma. Likimshika mkiwa hapo, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na uite msaada.
- Amelegea mno, anasinzia isivyo kawaida, au haamki.
- Anapumua kwa shida, au kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi.
- Anaharisha, macho yamedidimia, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole.
- Viganja vyake vimekuwa vyeupe kwa upungufu wa damu.
- Amekonda sana, mifupa inaonekana, au amevimba miguu yote miwili.
- Ameungua sana, au amekunywa mafuta ya taa, dawa ya wadudu au sumu nyingine. Usimtapishe. Njoo na chupa yenyewe tuione.
- Ni mtoto wa chini ya miezi miwili. Huyu, awe na ugonjwa wowote, mwili uwe wa moto au wa baridi kupita kiasi, atangulizwe. Mtoto mchanga hubadilika kwa muda mfupi sana.

Kupumua kwa kasi nako kunapimwa. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, tazama saa au simu, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Hesabu hii haihitaji mashine wala diploma, na mama yeyote anayeweza kuhesabu anaweza kuifanya akiwa bado njiani.

Kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni:
- Anatoka damu ukeni.
- Anaumwa sana kichwa na kuona ukungu, au amevimba uso na mikono.
- Amepata kifafa cha mimba.
- Chupa imepasuka, au uchungu umeanza.
- Mtoto tumboni amepunguza kucheza au ameacha.
- Ana homa kali, au maumivu makali ya tumbo.

Kwa watu wazima:
- Maumivu ya kifua yanayobana, pamoja na jasho au kukosa pumzi.
- Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, au maneno kukwama. Hizo ni dalili za kiharusi.
- Damu isiyokoma, au kutapika damu.
- Kuumwa na nyoka, hata kama jeraha linaonekana dogo.
- Kuchanganyikiwa ghafla au kupoteza fahamu.
- Mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu makali, homa, au aliyepauka.

Unaposema, sema kwa ufupi na wazi. Usianze na habari ya shangazi aliyeugua mwaka jana. Sema: “Mwanangu ana miezi minane, alipata degedege alfajiri, na sasa hanyonyi.” Maneno hayo machache yatakufungulia mlango.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, hali hubadilika. Mgonjwa aliyekuwa wa kijani saa tatu anaweza kuwa mwekundu saa sita. Ukiona mabadiliko, rudi kwa muuguzi umwambie tena, hata kama alikutazama asubuhi. Usiogope kuitwa msumbufu. Pili, foleni ina macho mengi kuliko muuguzi mmoja. Ukimwona mtoto wa jirani yako kwenye benchi amelegea, mwambie mama yake amfunue, kisha mwinuke wote wawili. Usiseme “si wangu.”

4. JINSI YA KUSUBIRI BILA KUONGEZA UGONJWA

Mahali penye wagonjwa wengi panaweza kugawa magonjwa. Mtu huja kwa kidonda cha mguu, akarudi nyumbani na ugonjwa wa kifua.

Kikohozi. Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch alitangaza kuvigundua mwaka 1882, husambaa hewani mgonjwa anapokohoa. Hewa safi ndiyo kinga rahisi kuliko zote. Acheni madirisha wazi, hata kukiwa na baridi kidogo, na wenye kikohozi wakae nje au karibu na dirisha. Kohoa ukiziba mdomo kwa kitambaa au kiwiko, si kwa kiganja. Kama umekohoa wiki mbili au zaidi, sema mapokezini. Utatangulizwa. Ukitangulizwa hivyo si kwa upendeleo, ni kwa ajili ya kuwakinga walio nyuma yako.

Surua. Huu huenea upesi kupita magonjwa mengi. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Mtoto mwenye homa na vipele, pamoja na kikohozi au macho mekundu, asiingizwe moja kwa moja katikati ya watoto wengine. Mwambie muuguzi ukiwa bado mlangoni.

Chakula na maji. Mtoto aendelee kunyonya akiwa kwenye foleni. Mtoto anayeharisha asisubiri daktari ndipo anywe. Aanze maji ya ORS pale pale benchini: pakiti ya lita moja katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, si pungufu wala zaidi. Wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Wa miaka miwili na zaidi apewe mililita 100 hadi 200. Kama hukuja na pakiti, mwombe muuguzi.

Mwenye kisukari anayetumia dawa asikae na njaa saa sita. Achukue kitu cha kula. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka: apewe haraka soda ya sukari, au maji yenye sukari, kama bado anaweza kumeza, na muuguzi aitwe. Atakayezuiwa kula ni yule tu aliyeambiwa afunge kwa ajili ya kipimo au upasuaji. Naye aseme mapema kwamba amefunga.

Presha. Wagonjwa wa presha hutushangaza kwa kuacha vidonge asubuhi ya kliniki, wakisema wanataka presha “ionekane yenyewe.” Usifanye hivyo. Meza dawa zako kama kawaida, isipokuwa mganga amekuambia vingine. Kabla ya kupimwa, kaa kimya dakika 5, miguu ikiwa chini na mgongo umeegemea. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa ya kabla yake. Tena, ukitoka tu kugombana na mtu wa mapokezi, usiketi kupimwa papo hapo. Hasira hupandisha presha, na unaweza kuongezewa dawa kwa sababu ya ugomvi wa foleni.

Miguu. Ukikaa muda mrefu miguu huvimba. Simama kila baada ya nusu saa, tembea hatua chache, chezesha vifundo vya miguu. Mwombe jirani akulindie nafasi.

Hasira. Ukiona haki imevunjwa, usimtukane muuguzi aliye mbele yako. Huenda ndiye pekee aliyebaki zamu. Mtafute kiongozi wa zamu au muuguzi mkuu wa idara, mweleze kwa utaratibu siku, saa na jambo lenyewe. Kama lipo sanduku la maoni, andika. Lawama iliyoandikwa inasomwa kwenye kikao, lakini kelele za koridoni huishia koridoni.

5. USIKIMBILIE DUKANI

Wako wanaochoka na foleni, wakanyanyuka na kwenda duka la dawa. “Nipe za malaria na hizi kapsuli za rangi mbili, nne zinatosha.” Wamefika nyumbani mapema, lakini wamejiponza kwa njia tatu. Kwanza, si kila homa ni malaria. Inaweza kuwa nimonia, ugonjwa wa njia ya mkojo, au homa ya uti wa mgongo, na dawa ya malaria haitawasaidia kitu. Pili, kapsuli nne hazimalizi ugonjwa. Zinavifundisha vijidudu kuzoea dawa, na siku utakapolazwa kweli dawa ile haitafanya kazi, wala kwako wala kwa mtoto wako. Tatu, mgonjwa wa namna hii hurudi kwetu baada ya siku nne akiwa amebebwa. Foleni aliyoikimbia imegeuka kuwa kitanda.

6. TUIPUNGUZEJE FOLENI?

Upande wa wagonjwa:
- Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Kikohozi cha siku mbili hakihitaji safari ya hospitali kuu, isipokuwa kina dalili za hatari tulizozitaja.
- Kama huna hali ya dharura na unaishi karibu, uliza saa ambazo idara huwa na watu wachache. Si lazima wote tufike alfajiri.
- Fika siku uliyopangiwa kliniki. Anayekuja siku isiyo yake anaongeza foleni ya wengine.
- Njoo na kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, majibu ya vipimo vya zamani, na dawa zote unazomeza, hata zile za miti shamba. Faili linalotafutwa nusu saa humchelewesha kila aliye nyuma yako.
- Uliza kama unastahili dawa za muda mrefu. Watumiaji wa dawa za ARV ambao hali yao imetulia siku hizi hupewa dawa za miezi mitatu, au hata sita, badala ya kuja kila mwezi.
- Wapisheni wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2003, na vituo vingi sasa vina dirisha au benchi lao. Pale lisipokuwapo, benchi ni lile lile letu, na sisi ndio wa kunyanyuka.

Upande wetu sisi wahudumu, nako kuna kazi:
- Muuguzi mmoja awe mlangoni, apite kwenye mabenchi kila mara akiwatazama watu usoni, asisubiri waletwe mezani.
- Namba zigawanywe, ili mtu aende chooni au kunywa maji bila kupoteza nafasi.
- Mgonjwa anapotangulizwa, walio mbele yake waelezwe kwa kifupi: “Huyu ana hali ya hatari.” Siri ya ugonjwa wake haitajwi, lakini sababu inajulikana.
- Mganga akichelewa, watu waambiwe.
- Tusimpitishe ndugu yetu mlango wa nyuma. Siku tukimpitisha mzima, hatutaaminika tena tunapomtanguliza mahututi.

Neno hilo la mwisho ni zito. Watu hukubali kumpisha mgonjwa mahututi kwa sababu wanaamini kwamba ni mahututi kweli. Imani hiyo ikivunjika, benchi zima litasimama mlangoni kugombea nafasi, na atakayeshindwa ni yule asiye na nguvu ya kugombea.

KWA KIFUPI

Hospitalini anayetangulia ni mwenye hatari kubwa, si aliyewahi kufika. Mfunue mtoto wako, mtazame anavyopumua. Ukiona dalili ya hatari, usisubiri: sema. Ukiona hali imebadilika, sema tena. Kama huna dalili ya hatari, vumilia zamu yako, karibu na dirisha lililo wazi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Zitajeni dalili nne za mtoto ambaye hapaswi kusubiri foleni. Je, kila mama katika jumuiya yenu anazijua?
2. Mtoto wa miezi saba anapumua mara 54 kwa dakika akiwa ametulia. Mtafanya nini?
3. Katika mtaa au kijiji chenu, ni akina nani huchelewa kwenda hospitali kwa kuogopa foleni? Mnaweza kuwasaidiaje, kwa mfano kwa kuwatunzia watoto wanaobaki nyumbani?
4. Mmoja wenu amemwona mtu akitoa pesa ili apite mbele. Afanye nini, na amwambie nani?